Kivuko cha Kazungula

Ndugu wanafunzi, fungueni ramani zenu. Leo twasafiri kwa motakaa kutazama wanyama. Tumetoka Afrika Kusini, tumewaona tembo wa Chobe nchini Botswana, na sasa tumefika Kazungula, ukingoni mwa mto Zambezi. Ng'ambo ni Zambia. Kuliani mwetu ni Zimbabwe, na kushotoni ni Namibia. Tembo huogelea mtoni, wala hakuna awaulizaye pasi. Binadamu je?

Botswana na Zambia zapakana hapa kwa mita 150 hivi tu, na mpaka wenyewe u majini. Kipande hicho kidogo kilizua ugomvi mkubwa. Mwaka 1970 serikali ya Makaburu, ambayo wakati huo ilitawala Namibia pia, ilidai kwamba mpaka huo haupo kabisa. Mnajua kwa nini? Wakimbizi waliopinga ubaguzi walikuwa wakivuka hapa kwa pantoni kwenda Zambia, na wengine waliendelea mpaka Dar es Salaam. Botswana haikukubali dai hilo, ingawa ilikuwa nchi changa, iliyopata uhuru mwaka 1966. Mwaka 1979 askari wa Rodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, waliizamisha pantoni.

Amani ilipokuja, pantoni zilivusha malori na magari ya watalii, tena kwa kungoja sana. Mwaka 2003 lori lililozidishiwa mzigo liliipindua pantoni, watu 18 wakafa maji.

Daraja lilifunguliwa Mei 2021. Lina urefu wa mita 923, nalo limepindwa makusudi ili lisiingie Zimbabwe.