Kodi ya jengo ikisamehewa, anayenufaika ni mwenye jengo au mpangaji?

Wakati wa janga la UVIKO-19 mwaka 2020, baadhi ya serikali zilifuta au kupunguza kodi ya majengo ili biashara zisife. Lakini wafanyabiashara wengi hawana majengo yao, wamepanga. Je, nafuu hiyo iliwafikia?

Ilitegemea nani anadaiwa kodi hiyo kisheria.

England: hulipa anayetumia jengo

Nchini England kodi ya majengo ya biashara kwa kawaida hulipwa na anayelitumia jengo, hata akiwa mpangaji. Machi 2020 serikali ilitangaza kuifuta kwa miezi 12, kuanzia Aprili, kwa maduka, migahawa, baa, hoteli na sehemu za burudani. Nafuu ikamfikia mwenye duka moja kwa moja. Halmashauri zilizokosa mapato hayo zilifidiwa na serikali kuu.

Kasoro ilikuwa moja: hata maduka makubwa ya vyakula, ambayo hayakufungwa, yalisamehewa. Desemba 2020 kampuni ya Tesco ilitangaza kurudisha pauni milioni 585, na nyingine zikafuata.

Singapore: hulipa mwenye jengo

Singapore ilisamehe kodi yote ya mwaka 2020 kwa majengo ya hoteli, maduka na migahawa, na asilimia 30 kwa ofisi na viwanda. Kwa kuwa mlipaji ni mwenye jengo, angeweza kubaki na fedha hizo huku mpangaji akidaiwa pango lilelile. Ndiyo maana Aprili 2020 Bunge lilipitisha sheria: nafuu ifike yote kwa mpangaji, kwa fedha au kwa kupunguziwa pango, bila masharti. Kukaidi bila sababu ya msingi kulikuwa kosa la jinai.

Na kwetu?

Tanzania Bara, tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye umeme wa LUKU. Anayedaiwa kisheria ni mwenye jengo, lakini anayekatwa ni anayenunua umeme, ambaye mara nyingi ni mpangaji.

Kama umepanga fremu, kubaliana na mwenye jengo kwamba makato hayo yatatolewa kwenye pango. Yaandike kwenye mkataba na utunze ujumbe wa kila manunuzi ya umeme. Na siku msamaha wa kodi ukitangazwa, uliza: unahusu biashara zipi, ni wa muda gani, na utamfikiaje mpangaji?