Fedha za Wazee Wetu: Uzito, Thamani na Haki ya Mirathi



Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Fedha ni madini meupe ya sonara, na fedha ni kile tunachonunulia mkate. Kwa wazee wetu wa Unguja na wa Maskati vitu hivyo vilikuwa kimoja: aliyepokea sarafu alipokea madini yenyewe, na thamani iliandamana na uzito. Baadaye viwili hivyo vilitengana, na ndiyo maana sanduku la marehemu linapofunguliwa huzuka maswali, na pengine manung'uniko, juu ya sarafu zilizomo. Nimeona inafaa kueleza asili ya sarafu hizo na namna ya kuzipima, ili kila mrithi apate haki yake.

Mashuhuri kuliko zote ni reale ya Sham, yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria. Wazee waliitofautisha na reale ya mzinga ya Kihispania, ambayo nguzo zake mbili zilionekana machoni mwao kuwa ni mizinga. Reale ya Sham ina uzito wa gramu 28.07, na katika kila sehemu 1000 za uzito huo, 833 ni fedha. Yaani fedha safi gramu 23.39. Huku Oman ilitumika hadi mwaka 1970, nchi ilipotoa sarafu yake, na mafundi wengi waliiyeyusha wakafanya mitali na vidani. Lakini mwaka 1780 ulioandikwa juu yake usimdanganye mtu. Huo ni mwaka aliofariki malkia huyo. Baada yake sarafu iliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile mjini Vienna, na katika karne ya 20 hata Roma, London na Bombay. Reale nyingi zilizomo majumbani mwetu hazina umri unaodhaniwa, ingawa fedha yake ni ya kweli.

Ya pili ni rupia. Rupia ya Kihindi ilikuwa na gramu 11.66, na fedha safi ndani yake gramu 10.69. Wajerumani walipotoa rupia yao kuanzia 1890, yenye sura ya Kaisari, walifuata uzito na usafi ule ule. Tola ambayo masonara wa Ghuba wangali wanaitaja si kitu kingine ila uzito wa rupia moja. Unguja iliachana na rupia tarehe 1 Januari 1936, ikaingia katika shilingi ya Afrika Mashariki kwa kima cha shilingi moja na nusu kwa kila rupia.

Hapo ndipo fedha na madini vilipoanza kuagana. Shilingi iliyotolewa kuanzia 1921 ilikuwa na uzito wa gramu 7.78, na robo yake tu ndiyo fedha, isiyofika gramu 2. Kuanzia 1948 hata robo hiyo ikaondolewa, ikawekwa shaba na nikeli. Kwa macho zinafanana. Kwa mizani ya haki hazilingani kabisa.

Jambo hili lilitufika nyumbani mwaka 1997, alipofariki bibi yetu mzaa mama. Ndugu wawili wa kike walikubaliana kugawana mkoba wake wa sarafu nusu kwa nusu. Ulikuwa na rupia 30 na shilingi 30 za kabla ya 1948, na mtu akapendekeza huyu achukue hizi na yule zile, kwa kuwa idadi ni sawa. Sonara mmoja naye alikuwa tayari kuzimwaga zote katika mizani na kutaja bei moja. Mama yetu mdogo alikataa yote mawili, akasema: "Rupia na shilingi hazikuzaliwa tumbo moja." Tukazitenga, tukakokotoa. Rupia zilikuwa na fedha safi karibu gramu 321. Shilingi karibu gramu 58. Lau zingegawanywa kwa idadi, dada mmoja angemdhulumu mwenzake zaidi ya mara tano pasina mmoja wao kujua, na kila mmoja akishukuru kwa moyo safi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tangulizeni kutenga aina na miaka, kisha pimeni. Zidisheni uzito kwa usafi, ndipo mwulize bei ya siku. Bei ya dunia hutajwa kwa wakia ya masonara, yenye gramu 31.1, wala si ile ya jikoni yenye gramu 28.35. Vito vya dhahabu vitazameni chapa: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, na 750 ni karati 18. Msisugue sarafu kwa kutaka ing'ae, kwani wakusanyaji huithamini ikiwa na rangi yake ya uzee. Reale ya fedha ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299, ambao ni wa Hijria na huangukia 1881 na 1882, ni adimu, na hununuliwa kwa bei ipitayo sana uzito wake. Tena, wanaoshika hesabu ya nisabu ya gramu 595 za fedha wakumbuke kwamba reale 26 za Sham zimekwisha kuipita.

Napendekeza kila nyumba iandike daftari la sarafu na vito vyake wakati wazee wangali hai, pamoja na jina la aliyevileta na safari aliyovipata. Mizani itatwambia uzito. Hayo mengine hakuna sonara awezaye kuyapima. Pesa ya shaba ya Barghash haina hata chembe ya fedha, lakini sura iliyochorwa juu yake ni mizani. Waliotutangulia waliibeba mifukoni kila siku, na sisi tuliorithi mali yao tusishindwe kuufuata mfano huo.

Wabillahi tawfiq.