Mtiririko wa Taslimu: Faida ya Daftarini na Pesa ya Mkononi

Tuchukue fundi cherehani wa Likoni, Mombasa, aliyepata oda ya sare 100 kutoka shule moja ya binafsi. Kila sare ni shilingi 900, jumla 90,000. Vitambaa, vifungo na nyuzi vitachukua 45,000, wasaidizi wawili 20,000, kodi ya chumba na umeme 5,000. Akitoa hesabu yake, anabaki na faida ya 20,000, na si haba. Lakini mwenye duka la vitambaa anataka pesa siku hiyohiyo, wasaidizi hulipwa kila Jumamosi, mwenye nyumba hubisha hodi tarehe tano, na shule imesema italipa siku 60 baada ya kupokea mzigo. Kabla shilingi ya kwanza haijaingia, 70,000 zimeshatoka. Asipokuwa nazo atakopa kwa riba, atauza cherehani, au ataiacha oda iende kwa mwingine.

Faida ipo, biashara inakufa.

Hali hiyo ndiyo inayopimwa na kile ambacho Waingereza hukiita cash flow, na ambacho vijana wengi wanaoanzisha biashara Mombasa hukitaja kwa Kiingereza hata mazungumzo yakiwa ya Kiswahili. Maana yake ni pesa taslimu zinazoingia na kutoka katika biashara kwa kipindi fulani, pamoja na tarehe zake. Tarehe ndiyo roho ya dhana hii. Shilingi 90,000 za leo na shilingi 90,000 za baada ya siku 60 ni sawa kwenye hesabu ya faida, lakini mbele ya mwenye nyumba si sawa hata kidogo.

Kiswahili kina tafsiri iliyokwisha kukubalika: mtiririko wa fedha. Baadhi ya benki za Tanzania huchapisha hesabu zao kwa Kiswahili, na humo mna ukurasa wa taarifa ya mtiririko wa fedha. Ni tafsiri nzuri, ila ina upungufu wa aina mbili. Kwanza, fedha ni neno pana mno. Vitambaa vilivyo rafuni ni mali, na ankara ambayo shule haijailipa ni haki ya kudai; vyote viwili mhasibu huvihesabu kwa fedha, wala hakuna kimoja kati ya hivyo kinachoweza kulipa mshahara wa Jumamosi. Neno taslimu lingefunga mlango huo. Pili, kutiririka ni kwenda upande mmoja, ilhali pesa za biashara hujaa na kupwa kama maji ya Kilindini, na mwenye biashara anahitaji kujua saa za maji kama mvuvi anavyojua bamvua na maji mafu. Wako wanaosema mzunguko wa fedha, lakini wanauchumi wameshalitumia neno hilo kwa pesa zinazopita mikononi mwa watu katika nchi nzima. Upungufu wa pili unabaki, lakini kwa mwenye biashara mtiririko wa taslimu ndilo jina linalofaa zaidi.

Wahasibu wenyewe walichelewa kuipa dhana hii uzito wake. Nchini Marekani, W. T. Grant ilikuwa kampuni ya maduka zaidi ya 1,000, ikitangaza faida mwaka baada ya mwaka, huku biashara yenyewe ikimeza taslimu nyingi kuliko ilizoleta. Oktoba 1975 ilifilisika. Mwaka 1987 wasimamizi wa uhasibu wa huko waliamuru kampuni zitoe taarifa ya taslimu, na mwaka 1992 kikaja kiwango cha kimataifa, IAS 7, chenye mafungu matatu: pesa zinazotokana na kazi ya kila siku, zinazotokana na kununua au kuuza rasilimali, na zinazotokana na mikopo na mitaji. Fungu la kwanza ndilo la kutazamwa sana. Biashara inayolipa kodi ya chumba kwa mkopo kila mwezi haijasimama, hata kama simu ya mwenyewe haiishi kupokea ujumbe wa M-Pesa.

Mifano ya nyumbani haikosekani. Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa ya Kenya, ilikuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki, likiwemo la Nyali. Wenye viwanda vidogo walijivunia kuuza humo, wakapeleka bidhaa, wakaandika mauzo, wakangoja malipo. Januari 2018 kampuni iliwekwa chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe. Copia nayo, kampuni chipukizi iliyosifiwa na iliyokusanya zaidi ya dola milioni 100 za wawekezaji, iliingia mikononi mwa wasimamizi Mei 2024, mitaji mipya ilipokosekana.

Sasa mtazame mama karanga, yule mkaanga samaki wa Pwani. Hununua samaki alfajiri wavuvi wakirudi, huwakaanga, na jioni keshawauza. Pesa yake hutoka na kurudi siku hiyohiyo. Hana ankara wala mdeni wa siku 60. Faida yake ni ndogo, lakini kwa upande wa taslimu yuko imara kuliko fundi wetu mwenye oda ya 90,000, na anayeanzisha kampuni ya teknolojia angejifunza mengi kwa kukaa kando ya karai lake siku moja.

Hata hivyo kuna mitaa ambayo taslimu zenyewe hazifiki. Mwaka 2010, huko Kongowea, Mmarekani Will Ruddick na wenzake walijaribu vocha za mtaani zilizoitwa Eco-Pesa. Mei 2013 wakazindua Bangla-Pesa katika mtaa wa Bangladesh, Mikindani, eneo lililokuwa sehemu ya jimbo la Changamwe kabla ya Jomvu kukatwa. Walichokiona ni kwamba muuza maji ana maji, muuza mboga ana mboga, kinyozi ana ufundi na muda mwingi, na wote watatu wanahitajiana, ila siku hiyo hakuna mwenye shilingi. Wafanyabiashara zaidi ya 100 walikubaliana kupokeana vocha kwa sehemu ya bei. Mwezi huohuo polisi waliwakamata Ruddick na wenzake kwa tuhuma za kughushi. Mashtaka yaliondolewa kabla mwaka haujaisha na mpango ukaanza upya. Leo wazo hilo linaendelea kwa jina la Sarafu. Vocha haikuweza kununua unga kwa muuzaji wa jumla aliye nje ya mtaa, na huo ndio mpaka wake. Lakini ilithibitisha kwamba biashara yenye bidhaa na wateja inaweza kukwama kwa kukosa taslimu tu.

Changamwe kuna somo jingine. Mwenye lori hulipa dizeli kabla ya safari na hulipwa wiki kadhaa baada ya mzigo kufika. Agizo la mwaka 2019 la kupitisha mizigo ya bandarini kwenye reli ya SGR liliwakuta wengi wakiwa na malori ya mkopo. Kazi ikapungua, rejesho la benki likabaki palepale hadi agizo lilipoondolewa Septemba 2022, na hata baadaye. Kodi nayo haingoji: aliyesajiliwa kwa VAT huwasilisha asilimia 16 ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata ankara, mteja awe amelipa au hajalipa.

Mikopo ya simu husaidia pale tu muda wake unapolingana na muda wa biashara. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ilipoanza Novemba 2022 ilitoa mkopo wa siku 14. Kwa mama karanga siku 14 zinatosha na kubaki. Kwa fundi anayengoja siku 60 ni deni juu ya deni.

Njia ya fundi ni ya zamani na haina riba. Aombe arbuni ya nusu: 45,000, sawasawa na bei ya vitambaa. Pengo lake linashuka kutoka 70,000 hadi 25,000. Na akiaminika dukani, achukue vitambaa kwa mali kauli, alipe sare zikishalipwa. Wafanyabiashara wa Pwani wameendesha bidhaa kwa utaratibu huo vizazi na vizazi, na uaminifu ndio dhamana yake pekee.

Kwa hiyo wewe uliyefungua biashara Likoni, Kisauni au Changamwe, chukua daftari leo, ugawe ukurasa safu 13, moja kwa kila wiki ya miezi mitatu ijayo. Juu andika taslimu zitakazoingia kweli, wala si mauzo unayoyatarajia. Chini andika zitakazotoka. Wiki yoyote ambayo jumla inakuwa chini ya sifuri, tafuta arbuni au mali kauli yake sasa, wiki hiyo ikiwa bado iko mbali.