Feni Isiyozunguka: Historia Ndani ya Nyaya Nne

Leo naweka kando mambo ya programu ili nizungumzie kifaa ambacho sisi waandishi wa programu hukidharau: feni ya kasha la tarakilishi. Nina deni la kulipa, kwa hivyo nianze na kisa chenyewe.

Dada yangu ana duka dogo la kupiga chapa na kutoa nakala. Tarakilishi yake ni ya mtumba. Feni ya nyuma ya kasha ilipokufa, nikajitia fundi. Niling'oa feni kutoka kwenye pawa saplai mbovu, nikaiunganisha kwa waya wa manjano na mweusi wa umeme wa diski, ikazunguka vizuri. Tatizo lilikuwa moja tu: kila mashine ilipowashwa ililalamika kwamba haioni feni. Nikaingia kwenye BIOS nikaiamuru ipuuze. "Haya dada, imenyamaza," nikamwambia kwa maringo.

Miezi kadhaa baadaye mashine ikawa nzito. Dada akadhani ni virusi. Kisha ikaanza kujizima mchana wakati wa joto. Siku moja ilizima akiwa anamalizia mitihani ya shule jirani, kazi aliyoianza alfajiri, na faili ile haikufunguka tena. Mwalimu alipeleka kazi kwingine na mpaka leo hajarudi. Nilipofungua kasha, nilikuta ile feni yangu imekwama, imevaa blanketi la vumbi la karatasi.

Nimesomea sayansi ya kompyuta, lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini feni nyingine zina nyaya mbili, nyingine tatu na nyingine nne. Kumbe jibu ni historia. Kila waya uliongezwa katika enzi yake, na kila waya ulileta sababu mpya ya feni kukataa kuzunguka.

Zama za kelele na joto

Joto ni tatizo la tangu mwanzo. ENIAC, iliyozinduliwa mwaka 1946 kule Philadelphia, Marekani, ilikuwa na vali karibu 18,000 na ilikula umeme wa takribani kilowati 150. Bila mashine za kupuliza hewa isingeweza kufanya kazi.

Tarakilishi zilipoingia majumbani, wengine waliona feni ni aibu. Apple II ya mwaka 1977 haikuwa na feni, na ilifaulu kwa sababu Rod Holt aliiundia pawa saplai isiyotoa joto jingi. Apple III ya mwaka 1980 nayo ilitoka bila feni, ila hiyo haikubahatika. Chipu zilikuwa zikilegea kwenye soketi zake, mpaka wateja wakashauriwa wainyanyue mashine inchi chache kisha waiachie ianguke mezani ili chipu zirudi mahali pake! Wengine walilaumu joto, wengine walilaumu ubao wa saketi, lakini jina la mashine lilikuwa limeshachafuka. Hata hivyo Macintosh ya mwaka 1984 ilitoka bila feni pia. Ilibidi kungoja Macintosh SE ya mwaka 1987 ndipo feni ikaingia katika umbo lile dogo.

Upande wa pili, IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na pawa saplai ya wati 63.5, na feni ilikaa humo humo ndani. Feni hiyo moja ilitosha mashine nzima. Siku hizo, feni isipozunguka, hukumu ilikuwa nyepesi: ama umeme haufiki, ama feni imekufa.

Nyaya mbili: mota isiyo na brashi

Mota ya kawaida ya umeme wa DC hutumia brashi za kaboni zinazosuguana na sehemu inayozunguka. Brashi huisha, na cheche zake huvuruga saketi za jirani. Kifaa kama hicho hakifai kukaa karibu na prosesa.

Wokovu ulitoka mbali. Mwaka 1879 Edwin Hall, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aligundua kwamba sumaku huusukuma mkondo wa umeme upande mmoja wa kipande cha metali na kuzaa volteji ndogo ubavuni. Mwaka 1962, T. G. Wilson na P. H. Trickey walieleza mota ya DC ambayo kazi ya brashi inafanywa na vifaa vya kielektroniki. Unganisha mawazo hayo mawili upate feni ya leo: sumaku ya duara imefichwa ndani ya kitovu cha mapanga, koili zimetulia katikati, na kitambuzi kidogo cha Hall kinaangalia sumaku imefika wapi ili koili ibadilishiwe umeme kwa wakati wake.

Kwa hivyo hata feni ya nyaya mbili, volti 12 na hasi, ina akili kidogo. Ndiyo sababu inaweza kuwa na umeme na isizunguke. Ukiiona inatikisika, inatulia sekunde chache, kisha inatikisika tena, mara nyingi ni saketi yake ya kujilinda: imehisi mapanga yamekwama, ikakata umeme ili koili zisiungue, na sasa inajaribu upya. Hiyo haijafa. Inakuomba uondoe vumbi au waya uliogusa mapanga.

Waya wa tatu: feni yapata sauti

Katika miaka ya 1990 prosesa zilizidi kuwa moto, na feni ya pawa saplai peke yake ikaelemewa. Makasha yakatobolewa nafasi za feni za milimita 80, baadaye 120. Lakini nani angejua feni ya nyuma imesimama wakati mtumiaji anaangalia skrini?

Hapo ndipo waya wa tatu ulipoingia. Kazi yake ni kuripoti: kwa kawaida feni hutuma mapigo mawili kwa kila mzunguko, na madabodi huyahesabu. Mapigo 40 kwa sekunde ni sawa na mizunguko 1,200 kwa dakika. Sasa mashine iliweza kulia feni inaposimama.

Waya huu ulileta utata wake. Feni inaweza kuzunguka huku mashine ikisema imekufa, kwa kuwa waya wa ripoti umekatika au, kama kwangu, haupo kabisa.

Ripoti hiyo imekuwa muhimu zaidi kwa sababu prosesa zenyewe zimejifunza kuvumilia. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video ya prosesa zilizong'olewa kipoza joto zikiwa kazini. Athlon iliungua. Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea. Leo karibu prosesa zote hufanya hivyo, na ni jambo jema, ila linaficha ugonjwa: feni ikifa, huoni moshi, unaona uzito tu. Ndio "virusi" wa dada yangu.

Waya wa nne: feni yapokea amri

Prosesa za mwaka 2004 zilikuwa na joto kali na feni zake zilipiga kelele kama posho mill. Njia ya zamani ya kupunguza kasi ilikuwa kushusha volti, lakini feni huhitaji nguvu zaidi kuanza kuliko kuendelea, hivyo ukishusha mno haiamki. Intel ikaeneza utaratibu wa nyaya nne: volti 12 zinabaki palepale, na waya wa nne unapeleka amri kwa mapigo ya takribani kilohezi 25, juu ya uwezo wa sikio letu.

Tangu hapo kusimama kwa feni kunaweza kuwa uamuzi wa programu. Mashine nyingi za sasa huzima feni makusudi zikiwa baridi. Na ukichomeka feni ya nyaya tatu huku BIOS ikiitazamia ya nne, itazunguka kwa kasi yote, kwa kuwa hakuna waya wa kupokea amri. Ukiichagulia volti ndogo mno, haitaanza.

Jinsi ya kukagua

Fuata historia kutoka chini kwenda juu. Zima mashine na uchomoe umeme, kisha zungusha mapanga kwa kidole. Yakiwa mazito, ni vumbi au beringi. Yakiwa mepesi, ijaribu feni kwa volti 12 kamili. Ikizunguka hapo, feni ni nzima: angalia soketi ya madabodi na mipangilio ya BIOS. Ikihitaji kusukumwa kwa kijiti ndipo ianze, beringi inachoka au koili moja imekatika, kwa hivyo ibadilishe. Kwa wenye Linux, amri ya sensors itaonyesha kasi ikiwa chipu ya madabodi inatambuliwa. Ukiona sifuri lakini mapanga yanazunguka, mshuku waya wa tatu kabla ya kuishuku feni. Na tafadhali usifungue pawa saplai kama nilivyofanya mimi: kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Nilimnunulia dada feni ya nyaya nne na kurudisha onyo nililolizima. Majuzi alinipigia simu asubuhi: "Mashine yako inapiga kelele tena, imegoma kuwaka, inasema feni." Kipande cha karatasi kilikuwa kimeingia kwenye mapanga. Alikitoa mwenyewe kabla hajaanza kazi ya siku.

Mpaka wakati mwingine. Kafungueni makasha yenu, mpulize vumbi.