Geji ya Bourdon na Taa Nyekundu

Taa nyekundu ya oili ilipowaka kwenye teksi ya baba, fundi wa kwanza alisema injini ifunguliwe. Gharama aliyotaja ilikaribia ada yangu ya muhula. Baba alichomoa kijiti cha kupimia: oili ilikuwepo ya kutosha. Injini haikuwa inagonga. Hata hivyo hakuthubutu kuendesha, kwani injini ikikosa msukumo wa oili huharibika kwa dakika chache.

Fundi wa pili, mzee wa mtaani kwetu, alifungua sensa ya oili kwa spana, akafunga geji ya mshale mahali pake.

"Washa, mwanangu."

Mshale ukapanda. Hata injini ilipopata moto na kuunguruma taratibu, haukushuka kwenye hatari.

"Injini nzima. Sensa ndiyo inayodanganya."

Geji ile ina historia. Mwaka 1849 Mfaransa Eugène Bourdon alipata hataza yake jijini Paris. Wakati huo boila za mvuke zililipuka na kuua watu, na aliyefanya kazi kando yake alihitaji kuuona msukumo mapema. Ndani ya geji mna bomba bapa lililopindwa; msukumo ukiingia, bomba hutaka kunyooka, na ncha yake husogeza mshale. Haihitaji umeme.

Magari yalirithi geji hiyo, kisha mengi yakaibadili kwa taa, iliyo rahisi kutengeneza. Sensa ya taa ina kiwambo kidogo: msukumo wa oili ukikisukuma, hutenganisha mguso wa umeme na taa huzimika. Mguso ukinata, taa huwaka hata oili ikitembea vizuri. Waya ukikatika, taa hukaa kimya hata injini ikifa.

Sisi wanafunzi wa historia hufundishwa tusihukumu kwa shahidi mmoja, na kwamba wa pili hana maana kama habari zake amezipata kwa wa kwanza. Kufuta alama ya taa au kubadili balbu kungekuwa kumhoji shahidi yuleyule. Mzee alimwita mwingine, asiyetumia waya ule kabisa.

Sensa mpya ilifungwa, na jioni ileile baba akarudi barabarani. Siku hizi akizungusha ufunguo husubiri kwanza aione taa ikiwaka, ndipo awashe injini. Isipowaka, hasogei.