Mendi, Kabla ya Ukungu

Mendi hukumbukwa kwa alfajiri moja tu, ya tarehe 21 Februari 1917. Ilhali ilikuwa imefanya kazi tangu mwaka 1905, ilipoundwa Glasgow: meli ya mvuke ya tani 4,230, ikisafiri kwa ratiba kati ya Liverpool na Afrika Magharibi. Ilipeleka bidhaa za viwandani na barua, ikarudi na mawese na mise. Hata jina lake lilikopwa kwa Wamende wa Sierra Leone.

Vita vilipopamba moto, ngama zilizozoea shehena zikageuzwa malazi. Humo walilala vibarua weusi wa Afrika Kusini, zaidi ya 800, wakienda Ufaransa kufanya kazi za sulubu. Bunduki hawakuruhusiwa kushika. Karibu na kisiwa cha Wight, meli Darro, iliyokuwa ikienda kasi ukunguni bila kupiga honi, ikaigonga hapo hapo ngamani. Walikufa zaidi ya 600.

Nahodha wa Darro, ambaye hakutuma msaada, alisimamishiwa leseni kwa mwaka mmoja. Vibarua weusi wa kikosi kile serikali yao iliwanyima medali ya vita. Maofisa wao weupe walipewa.