Mkato: alama iliyohama kutoka kwenye pumzi hadi kwenye sarufi

Mwaka 1640, mwalimu wa shule katika kijiji cha Hintlesham, huko Suffolk, Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu matamshi na maandishi ya Kiingereza. Aliitwa Simon Daines. Anaeleza humo jinsi alivyowasomesha watoto: wakifika kwenye mkato wanyamaze kwa muda wa kuhesabu moja, kwenye nuktamkato, mbili, kwenye nuktapacha, tatu, kwenye nukta, nne. Mbinu hiyo aliirithi kwa mwalimu wake wa uimbaji, aliyemzoesha kushika mapigo kwa kuhesabu hadi nne. Aliijaribu kwa wanafunzi wake katika kusoma, akaona inafaa.

Mwalimu wa Kiingereza aliyeko Dodoma, Kisumu au Kampala ataitambua hesabu ya Daines mara moja. Mpaka leo wanafunzi wetu huambiwa waweke mkato pale wanapovuta pumzi. Lakini katika miaka hii karibu 400 mkato umebadilishiwa kazi, na anayesahihisha insha ya Kiingereza haangalii pumzi ya mtu, anaangalia vishazi. Mtoto anafundishwa kwa kipimo kimoja na kusahihishwa kwa kingine. Wino mwingi mwekundu unaomwagika kwenye madaftari ya kidato cha kwanza na cha pili chanzo chake ni hapo, wala si uzembe wa mwanafunzi.

Hapo kale mkato ulikuwa wa sauti kweli. Wagiriki na Warumi waliandika maneno yakiwa yamebanana, bila nafasi kati ya neno na neno, na aliyepewa maandishi ayasome hadharani alilazimika kuyapitia kwanza peke yake ajue pa kukata. Karibu miaka 200 kabla ya Kristo, Aristofane wa Bizanti, msimamizi wa maktaba kuu ya Aleksandria nchini Misri, alibuni nukta zilizowekwa chini, katikati au juu ya mstari kuonyesha urefu wa kituo. Kipande kifupi kabisa cha usemi Wagiriki walikiita komma, na jina hilo ndilo lililofika kwetu kama koma. Kwa karne nyingi baada ya hapo alama hizo zilitumika hapa na kuachwa pale, kila mwandishi na mazoea yake. Watawa wa Ireland ndio waliosaidia sana, katika karne ya 7 na ya 8, kwa kutenganisha maneno. Kilatini hawakuzaliwa nacho, hivyo walihitaji kuona kila neno limesimama peke yake.

William Caxton alipofungua kiwanda cha kwanza cha uchapaji Uingereza, pale Westminster mwaka 1476, hakuwa na mkato huu tunaoujua. Alitumia mstari wa mshazari. Umbo la leo, kialama chenye mkia uliopinda chini ya mstari, lilipata nguvu Venice, katika kiwanda cha Aldus Manutius, ambako fundi Francesco Griffo alichonga herufi zilizokuja kuigwa Ulaya nzima. Kitabu kidogo cha Pietro Bembo kuhusu mlima Etna, kilichotoka hapo mwaka 1496, kina mkato na pia nuktamkato. Miaka 70 baadaye, mjukuu wa mpiga chapa huyo, naye akiitwa Aldus Manutius, aliandika kwamba kazi ya alama hizi ni kuuweka wazi muundo wa sentensi. Msomaji wa kitabu kilichochapwa hakusoma tena kwa sauti mbele ya watu. Alikuwa peke yake chumbani, anasoma kwa macho, na macho hayahitaji kupumzishwa kama mapafu.

Walimu wa Uingereza hawakukubali haraka. Richard Mulcaster, mkuu wa shule ya Merchant Taylors' jijini London, alieleza mwaka 1582 kwamba mkato humpa msomaji nafasi ya kupumua kidogo. Hata Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa askofu wa London, katika sarufi yake mashuhuri ya 1762 alilinganisha alama na noti za muziki: nukta ni mara mbili ya nuktapacha, nuktapacha mara mbili ya nuktamkato, nuktamkato mara mbili ya mkato. Lowth, nampa heshima yake, alikiri kwamba mengi hapo lazima yaachiwe busara ya mwandishi.

Aliyeigeuza busara hiyo kuwa somo la kukariri ni Lindley Murray, mwanasheria Mmarekani aliyehamia karibu na mji wa York. Walimu wa shule ya wasichana hapo walimwomba awaandikie kitabu cha sarufi, akakitoa mwaka 1795. Kilienea Uingereza na Marekani kote, nakala zake zikapita milioni. Kwa mkato peke yake aliweka kanuni zipatazo ishirini. Tangu hapo, kwa vizazi vingi, kufundisha mkato kukawa ni kanuni, mfano, zoezi, fimbo. Vitabu vilivyofuata, kikiwemo kile cha Angus Maciver wa Scotland cha mwaka 1938 kilichosambaa katika makoloni ya Waingereza, viliendelea kwa mtindo wa mazoezi: hapa pana sentensi isiyo na alama, iandike upya kwa usahihi.

Mwenye kudhani haya ni mambo ya darasani tu, na asome kesi ya Roger Casement. Jina hili halipaswi kuwa geni kwa Waafrika. Akiwa balozi mdogo wa Uingereza huko Kongo, aliandika ripoti iliyotoka mwaka 1904, ikaanika mbele ya dunia ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold kwa wagema mpira. Baadaye Casement, mzaliwa wa Ireland, alijiunga na wapigania uhuru wa nchi yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikwenda Ujerumani kutafuta silaha na askari. Alikamatwa Aprili 1916 alipotua pwani ya Ireland kutoka kwenye manowari ya Kijerumani, akashtakiwa London kwa sheria ya uhaini ya mwaka 1351, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha zamani.

Sheria hiyo ilimtaja mtu anayeambatana na maadui wa mfalme ndani ya ufalme, akiwapa msaada na faraja ndani ya ufalme au kwingineko. Casement alitenda aliyoyatenda Ujerumani. Wakili wake akadai kwamba "au kwingineko" linahusu msaada peke yake, kwa hiyo anayeambatana na adui akiwa nje ya nchi hashikwi na sheria hii. Ukisoma kwa kituo mahali fulani, "au kwingineko" linarudi nyuma na kukamata kila kitu. Ukikiondoa kituo hicho, mshtakiwa anaokoka. Majaji walikwenda kwenye hifadhi ya nyaraka kuiangalia hati yenyewe ya karne ya 14 na alama zake hafifu. Walihukumu dhidi yake, naye akanyongwa tarehe 3 Agosti 1916. Waliomlilia walisema amenyongwa kwa mkato.

Karne moja baadaye, huko Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo iliorodhesha kazi zisizo na malipo hayo, na mwishoni mwa orodha ikataja kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza, bila mkato baada ya "kusafirisha". Je, kusambaza ni kazi ya peke yake, au ni kufungasha kwa ajili ya kusambaza? Madereva walisambaza, hawakufungasha. Machi 2017 mahakama ya rufaa iliona maneno hayana uhakika, ikaamua upande wa madereva. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Bunge la Maine nalo liliiandika upya orodha ile kwa nuktamkato.

Turudi darasani. Katika historia ya ufundishaji, mtu ninayemheshimu kuliko wote ni Mina Shaughnessy. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilifungua milango kwa kila kijana wa jiji aliyemaliza sekondari. Waliingia watoto wa Weusi, wa Puerto Rico na wa wahamiaji, wengi wakiwa hawajawahi kuandika kurasa mbili mfululizo. Baadhi ya wahadhiri walikata tamaa walipoona insha zao. Shaughnessy aliketi, akasoma takriban insha 4,000 zilizoandikwa na vijana hao kati ya 1970 na 1974, akitafuta mantiki iliyomfanya mwandishi aweke alama pale alipoiweka. Kitabu chake cha 1977 kina sura nzima kuhusu mwandiko na uakifishaji. Alionyesha kwamba hawa si wazembe wala wajinga. Ni wanagenzi, na makosa yao yana utaratibu unaoweza kusomwa. Alifariki mwaka uliofuata.

Mwalimu wa Afrika Mashariki akivaa miwani ya Shaughnessy ataona mengi. Chukua sentensi ya kawaida ya Kiswahili: "Alifika, akavua viatu, akaketi, akaomba maji." Imenyooka. Kiambishi -ka- ndicho kinachounganisha matendo, mikato inayagawa tu. Mwanafunzi anaihamishia kwenye Kiingereza: "He arrived, he removed his shoes, he sat down, he asked for water." Mwalimu anachora duara jekundu. Kijana hakukosea kupumua. Kila mkato umekaa pale pale alipovuta pumzi. Alichokosa ni kuambiwa kwamba Kiingereza hakina -ka-, na kwa kawaida mkato wake hauruhusiwi kubeba vishazi huru viwili bila kiunganishi. Wala tusisahau sikio lake limelelewa wapi: katika vitabu vya mashairi mkato hukaa mara nyingi mwishoni mwa ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, msomaji apate kutua kabla ya utao, nusu ya pili. Huko pumzi ina haki yake.

Tofauti nyingine ni ya maana. "My brother who lives in Mombasa is a teacher" inasema nina kaka zaidi ya mmoja, na ninayemtaja ni yule wa Mombasa. "My brother, who lives in Mombasa, is a teacher" inasema kaka ni mmoja, na Mombasa ni habari ya nyongeza. Kwa Kiswahili, "Kaka yangu anayeishi Mombasa ni mwalimu" huzibeba maana zote mbili, muktadha ukaamua. Mwanafunzi ambaye hajaonyeshwa hili ataweka mikato kwa bahati nasibu, na hatuna haki ya kumkata alama.

Njia ya kumwonyesha ipo, nayo ina historia yake. Mwaka 1963 ripoti ya watafiti wa Marekani wakiongozwa na Richard Braddock ilihitimisha kwamba kufundisha sarufi kavu, iliyotengwa na uandishi, hakumfanyi mtoto aandike vizuri zaidi. Miaka kumi baadaye Frank O'Hare alijaribu zoezi jingine kwa wanafunzi wa darasa la saba huko Florida: kuwapa sentensi fupi fupi waziunganishe, bila majina ya kisarufi. Uandishi wao ulikomaa.

Mfano wa ubaoni ni huu: "The bus was full. It left Morogoro at noon. Juma missed it." Unganisha ziwe sentensi moja. Mmoja ataleta "The bus, which was full, left Morogoro at noon, but Juma missed it." Mwalimu anafunika kwa kiganja maneno "which was full" pamoja na mikato yake miwili, na kuuliza kama sentensi bado imesimama. Imesimama. Anafunika mkato mmoja tu, anauliza tena, na darasa linaona kwamba mikato hiyo inakwenda kwa jozi. Kisha anafunika "but", na kubaki na "at noon, Juma missed it", anawauliza ni nini sasa kinachoshikilia pande mbili zile. Zoezi linahitaji ubao, chaki na nusu ya kipindi.